Upanga wa Gemu Ukutani: Nunua kwa Jicho, Si kwa Mkono

Kabla hujamtumia muuzaji hata senti, piga hesabu ya upanga wa Cloud Strife. Ule ubapa mpana anaoubeba mgongoni katika Final Fantasy VII, gemu iliyotoka Japani mwaka 1997, unaitwa Buster Sword, na wengi wanaoanza kukusanya panga za gemu huutamani huo kwanza. Tuseme ubapa una urefu wa sentimita 130, upana wa sentimita 25 na unene wa milimita 6 tu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina uzito wa karibu gramu 7.85. Zidisha, utapata zaidi ya kilo 15, na hapo mpini bado haujatiwa. Panga kubwa za mikono miwili walizobeba askari wa Ulaya karne ya 16 zilikuwa na kilo mbili hadi tatu na nusu. Katana ya Kijapani haizidi sana kilo moja.

Basi upanga wa gemu ulibuniwa uonekane. Aliyeuchora alijua kwamba mchezaji atauona kwenye skrini, mara nyingi kwa nyuma ya mhusika mdogo anayekimbia, na kwamba lazima autambue kwa umbo lake hata gizani. Ndiyo sababu ya ule upana uliopita kiasi, pembe kwenye kikinga cha mkono, na maandishi yanayowaka ubapani. Ukilikubali hilo, maswali yako dukani yatabadilika. Hutaanza na "ni chuma halisi?" Utaanza na mahali upanga utakapotundikwa, mtu atasimama wapi akiutazama, mwanga utatoka upande gani, na hewa ya chumba chenyewe ikoje. Nitakayosema hapa chini yote yanatokana na hilo.

Kwanza, toleo lipi?

Chukua Master Sword, upanga wa Link katika The Legend of Zelda. Ulionekana kwa mara ya kwanza katika A Link to the Past mwaka 1991, na tangu hapo Nintendo wameuchora upya mara nyingi. Wa Ocarina of Time (1998) si wa Twilight Princess (2006), na wa Twilight Princess si wa Breath of the Wild (2017). Rangi ya mpini, mkunjo wa yale mabawa mawili ya kikinga, kito cha katikati, ukubwa wa pembetatu tatu zilizochorwa ubapani karibu na mpini, vyote vinahama kidogo. Katika Tears of the Kingdom (2023) upanga huohuo umeliwa na kukatika, na wapo wanaotafuta nakala ya huo ulioharibika kwa makusudi.

Nakala nyingi za bei ya chini huchukua mpini wa gemu moja na kuuvisha ubapa wa nyingine. Asiyecheza hataona kasoro. Wewe utaiona kila siku, kwa sababu ukutani hakuna mchezo wa kukupotezea macho. Kabla ya kununua, washa gemu, msimamishe mhusika mahali penye mwanga, upige picha za skrini ubavuni, mbele na nyuma. Picha hizo ndizo utakazolinganisha na za muuzaji. Usilinganishe picha ya muuzaji na kumbukumbu yako.

Kuna jambo dogo ambalo wapenzi wa Zelda hulizozania. Link alikuwa wa mkono wa kushoto kwa miaka mingi. Katika Twilight Princess ya Wii dunia nzima iligeuzwa kama kioo ili afuate mkono wa kulia wa mchezaji, ilhali ya GameCube ilimwacha wa kushoto. Ukitaka kuweka ngao na upanga pamoja, jua unamfuata Link yupi.

Ushauri wangu ni kuchagua uzi mmoja na kuufuata. Mkusanyaji mwenye panga sita za gemu sita zisizohusiana ana duka. Mwenye panga tatu za uzi mmoja ana kitu cha kuzungumzia na mgeni. Uzi mzuri kupita yote, kwa maoni yangu, ni ule upanga wa mbalamwezi wa FromSoftware. Ulianza katika King's Field mwaka 1994, ukarudi katika Demon's Souls, Dark Souls, Bloodborne, na mwaka 2022 ukaonekana tena katika Elden Ring, kila mara kwa jina na sura tofauti kidogo. Ni upanga mmoja unaozeeka pamoja na kampuni iliyoubuni.

Vitu vya kutengenezea upanga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Nakala nyingi za chuma zinazouzwa kama mapambo hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na muuzaji atakutajia namba 420 au 440. Ni chuma kizuri kwa kisu kifupi. Kikirefushwa kuwa upanga kinakuwa kikavu, na kikigongwa huweza kukatika. Tena mara nyingi kile kipande kinachoingia ndani ya mpini ni fimbo nyembamba iliyochomelewa na kukazwa kwa nati. Ukiuning'iniza, hauna tatizo. Ukiupunga kuwaonyesha rafiki zako, ubapa unaweza kuchomoka na kuruka. Muuzaji anayesema upanga wa aina hii uko "tayari kwa vita" anakuuzia video, si upanga.

Chuma cha kaboni ni kitu kingine. Utaona namba 1045, 1060 au 1095. Tarakimu mbili za mwisho zinakueleza kiasi cha kaboni, yaani asilimia 0.45, 0.60 au 0.95. Hiki ndicho hutumika kutengenezea panga zinazostahimili kukata. Kinashika kutu upesi sana, hata kwa jasho la kidole. Kwa mtu wa Nairobi au Arusha anayependa kupangusa vitu vyake, sawa. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja mwenye nyumba inayopata upepo wa bahari, atakuwa amejiajiri kazi ya kudumu.

Panga nyingine zina vipimo vya kibinadamu na zinafaa chuma. Mfano ni zile mbili za Geralt katika The Witcher 3 (2015), moja ya chuma kwa watu na moja ya fedha kwa majitu. Aliyezibuni alizichora karibu na panga za zama za kati za Ulaya, kwa hiyo mhunzi hahitaji kudanganya. Kwa Buster Sword, achana na chuma kabisa. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma: ule ubapa wetu wa kilo 15 unashuka hadi kilo tano na kitu, na ukipigwa msasa mzuri, kwa umbali wa mita mbili hakuna atakayejua.

Aloi ya zinki utaikuta kwenye mipini, fuvu na mapambo, kwa sababu huyeyuka kirahisi na kuingia katika kila mkunjo wa kalibu. Frostmourne ya Warcraft, yenye fuvu la mnyama mwenye pembe kwenye kikinga, haiwezekani bila kitu cha kumiminwa namna hiyo; Epic Weapons waliwahi kutoa nakala yake yenye leseni. Huko Japani zinki hutumika hata kwa ubapa, na sababu ni ya kisheria: upanga wa chuma wenye ubapa wa sentimita 15 au zaidi lazima uwe na usajili, ilhali nakala ya zinki haiwezi kunolewa ikakata. Ukiona nakala ya Kijapani ya katana ya gemu imetengenezwa kwa zinki, usidhani umepunjwa.

Halafu kuna sponji. Wakusanyaji wengi huidharau, nami nadhani wamekosea. Nakala nzuri ya sponji ngumu yenye fimbo ya faiba ndani na rangi iliyopakwa kwa mkono inaonekana bora ukutani kuliko chuma cha bei ya chini chenye mng'ao wa sufuria. Haishiki kutu, haimuumizi mtoto, inabebeka. Adui yake ni jua: miale ikiipiga kila alasiri, rangi hupauka na ngozi yake huanza kupasuka na kumomonyoka. Plastiki za kampuni kubwa nazo zimekuwa nzuri mno. Bandai wana Master Sword katika mfululizo wao wa Proplica yenye hata sauti za gemu.

Zilizochapwa kwa printa ya 3D zichunguze kwa jicho la joto. Plastiki inayotumika zaidi, PLA, huanza kulegea ikifikia nyuzi joto 60 hivi. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Dar es Salaam mchana linaweza kufika huko ndani, hasa juu ya dashibodi. Umefika nyumbani na upanga wa Sephiroth, yule adui wa Cloud, ukiwa umepinda kama mundu. Mwambie mchapaji atumie PETG, au uwe na uhakika wa kivuli njia nzima.

Mzani humuumbua muuzaji. Mwombe urefu, upana na unene wa ubapa, halafu uzidishe kama tulivyofanya mwanzo. Ubapa mwembamba kwenye makali na mnene katikati utakuwa na karibu nusu ya jibu lako. Akikwambia upanga mzima ni wa chuma na una gramu 400, au kinyume chake sponji ya kilo nne, unajua la kufanya. Na mwombe picha ya upanga uleule atakaokutumia ukiwa juu ya mzani. Muuzaji wa kweli hatachukia.

Njiani na mezani kwa forodha

Nakala nyingi za chuma duniani hutoka Longquan, mji wa jimbo la Zhejiang huko China ambao umefua panga kwa karne nyingi, na nyingine hutoka India na Pakistani. Bei ya kiwandani inaweza kukufurahisha. Usifurahi kabla ya kuuliza usafiri. Makampuni ya kusafirisha kwa ndege hulipisha kwa uzito halisi au kwa ukubwa wa boksi, kutegemea upi ni mkubwa, na hesabu yao ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5000. Boksi la sentimita 150 kwa 40 kwa 15 ni kilo 18 za malipo, hata kama ndani mna sponji ya kilo moja. Kwa hiyo uliza kama upanga hufunguka vipande viwili. Mpini ukitenganishwa na ubapa, boksi hupungua urefu, na bili nayo hupungua.

Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, panga ziko sura ya 93, ile ya silaha, kifungu 9307. Vitu vya kuchezea viko 9503. Namna mzigo ulivyoandikwa huamua ushuru, na huamua pia kama ofisa ataufungua kwa mashaka. Usimruhusu muuzaji aandike "toy" juu ya boksi lenye chuma cha mita moja. Wakilifungua, wewe ndiye utakayeitwa. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya kulipa, umtumie picha na maelezo, akupe makadirio pamoja na VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya ni 16.

Nyumbani kwako upanga ni pambo. Barabarani ni habari nyingine: sheria za jinai za Kenya na Tanzania zinakataza mtu kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kutisha watu, na askari aliyeko zamu usiku hajawahi kumsikia Cloud Strife. Ukiutoa, uwe umefungwa ndani ya boksi, na risiti iwe mfukoni. Kwenye ndege usiubebe mkononi, hata wa sponji. Nakala za silaha hukataliwa mlangoni, ziende na mizigo ya chini. Na ukienda nao kwenye mikusanyiko ya mashabiki kama NAICCON ya Nairobi, peleka wa sponji, kwa sababu waandaaji wa shughuli za namna hii kwa kawaida hawakubali ubapa wa chuma.

Ndugu walioko Uingereza wana mtihani mgumu zaidi. England na Wales zilipiga marufuku panga zilizopinda zenye ubapa wa sentimita 50 au zaidi tangu 2008, isipokuwa kwa masharti maalumu, na tangu 2021 hata kuwa nazo nyumbani ni kosa. Agosti 2025 likaongezwa katazo la zile panga fupi zilizonyooka zinazoitwa za ninja. Masamune, ule upanga wa Sephiroth, mrefu kumzidi mwenyewe na uliopinda, uko moja kwa moja ndani ya mtego huo. Huko nunua sponji au plastiki, na usimwagizie binamu yako zawadi ya chuma kutoka huku.

Ukutani

Tuanze na ukuta wenyewe. Ukuta wa tofali au jiwe unabeba; toboa kwa drili yenye ncha ya zege, tia kibomba cha plastiki, kisha skrubu. Kuta za jipsamu zinazogawa vyumba vya ofisi na fleti mpya hazifai kubeba chuma kizito bila kupata fremu iliyo nyuma yake. Njia ninayoipenda ni ubao: kata ubao wa mninga au mkangazi mrefu kidogo kuliko upanga, uufunge ukutani kwa skrubu nne, kisha kulabu zifungwe kwenye ubao. Ukibadilisha upanga, hutoboi ukuta tena, na mbao nyekundu nyuma ya chuma hupendeza kuliko rangi nyeupe, ambayo huumeza mng'ao wote.

Tafuta mahali upanga unapojisawazisha kwa kuulaza juu ya vidole viwili. Kulabu mbili zikae pande mbili za hapo, si zote upande wa ubapa. Zivishe kulabu vipande vya mpira wa bomba ili zisikwaruze. Usitumie kitambaa kizito, maana hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma. Panga ndefu za sponji na za plastiki zitundike wima, ncha chini, zikiegemea kikinga cha mkono. Zikilazwa juu ya kulabu mbili kwa miezi, hulegea katikati. Katana huwekwa makali yakitazama juu, na kwa desturi ya Kijapani ya wakati wa amani mpini huelekea kushoto.

Mwanga utoke juu na pembeni. Ukiupiga upanga mbele moja kwa moja, maandishi ya Frostmourne yote hupotea; ukiusogeza mwanga ubavuni, kila mchongo hutoa kivuli chake na upanga unasomeka kutoka mlangoni. Usitundike chochote juu ya kitanda wala juu ya kochi. Na kipimo cha urefu kwa nyumba yenye watoto ni mkono wa mtoto aliyepanda juu ya kiti, si aliyesimama chini.

Hewa ya pwani

Hata chuma kisichoshika kutu hushika. Jina lake ni la matumaini tu: kromiamu iliyomo hujenga utando mwembamba juu ya chuma, na chumvi ya hewa ya bahari huutoboa utando huo hadi vikatokea vidoa vidogo vya kahawia. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, kisha paka mafuta mepesi kidogo sana. Mafuta ya cherehani yanatosha na yanapatikana kila mtaa. Ya kupikia hapana, yataganda na kunasa vumbi. Wajapani tangu zamani hutunza panga zao kwa mafuta wanayoyaita choji, mafuta mepesi yaliyotiwa karafuu kidogo. Msomaji wa Pemba atafurahi, lakini asichukue mafuta makali ya karafuu ya chupani akayapaka, maana yanaweza kulainisha rangi na plastiki za mpini. Anayetaka kinga ya muda mrefu atafute nta ya Renaissance, iliyobuniwa British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho.

Ala ya ngozi ni pambo, si nyumba ya upanga. Ngozi huhifadhi unyevu na kemikali za kuitengenezea, na ubapa ukilala humo mwaka mzima utaukuta na ramani ya kutu. Upanga na ala yake vitundike kando kwa kando. Boksi, cheti na povu za kufungia uziweke juu ya kabati na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi wa nakala yenye leseni ataviulizia kabla ya kuuliza bei.

Kumpa kazi fundi wa hapa

Kwa panga ambazo hakuna anayeziuza, au ambazo usafiri wake unazidi bei, mtafute fundi. Kamukunji Nairobi na Gerezani Dar es Salaam kuna watu wanaokata na kukunja bati na alumini kwa ustadi ambao viwanda vya nakala havina, kwa sababu wao hufanya kipande kimoja kimoja. Usimpelekee picha ya simu. Chapisha mchoro wa upanga kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ndefu, kwa mtu mwenye mashine ya mabango, ukiwa umeandika unene wa kila sehemu kwa milimita. Mweleze mapema kuwa makali hayatakiwi, yabaki na unene wa milimita mbili hivi, na ncha iwe ya mviringo. Akikwambia atautia makali bure kama nyongeza, mshukuru na ukatae.

Gawa malipo: ya vifaa kwanza, ya pili ukishaukubali ubapa mtupu, ya mwisho mpini ukishafungwa. Mpini na mapambo mpe seremala au mchapaji wa 3D, usimlazimishe mtu wa bati achonge fuvu. Kabla ya rangi kupakwa, usimamishe ukutani kwako kwa siku mbili ukiwa mtupu vilevile. Buster Sword wa ukubwa kamili unafikia kimo cha mtu mzima, na sebule nyingi hugundua hilo baada ya rangi kukauka.